Warsha za Likizo: Watoto wa Lamu na Usanifu wa Ndani ya Nyumba

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya elimu katika mkutano wetu wa mwaka

 

Kamati ya elimu imenituma niwaeleze kwa nini mwaka huu tunaomba mchango kwa jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia mkacheka, yaani kuwafundisha wanafunzi wa shule za upili usanifu wa ndani ya nyumba wakati wa likizo ya Agosti. Mzee wangu mmoja alinipigia simu juma lililopita akaniuliza, "Mwanangu, tumefika hapo? Tuchange pesa watoto wafundishwe kutundika mapazia?" Nilimwambia aje asikilize. Amekuja, nimemwona, na nitamjibu.

Mimi ni mhasibu, kwa hivyo naanza na vitabu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupitia hesabu za biashara hapa Pwani, na miongoni mwao zimo nyumba za kupangisha wageni. Sitataja ya mtu. Lakini ukiufungua ukurasa wa gharama za kutengeneza nyumba ya aina hiyo utakuta mistari mitatu. Wa kwanza ni ada ya msanifu. Wa pili ni samani na vifaa. Wa tatu ni mafundi na vibarua. Sasa jiulizeni sisi watu wa Amu tuko mstari gani. Tuko wa tatu, tena kwa malipo ya siku. Msanifu hulipwa kwa mita ya mraba au kwa sehemu ya gharama yote, kwa hivyo nyumba ikigharimu zaidi naye hupata zaidi. Aliyechonga mlango hulipwa kwa siku, na nyumba ikigharimu zaidi yeye hupata kile kile. Picha za nyumba hiyo zikitoka katika jarida, jina linaloandikwa chini si lake.

Wala sisemi ameibiwa. Msanifu yule amesoma. Anajua kupima chumba na kukichora, anajua kukadiria gharama kabla ya msumari wa kwanza, anajua kukaa na mwenye mali na kumweleza kwa nini dirisha liwe hapa na kitanda kiwe pale. Fundi wetu ana mkono ambao msanifu hana. Ila hana karatasi. Na mteja hulipia karatasi kabla hajalipia mkono.

La kushangaza ni kwamba kile msanifu anachouza kwa karatasi yake, mara nyingi amekichukua kwetu. Itazameni nyumba ya mawe ya Amu. Unafika kwenye daka na mabaraza yake ya mawe, ambapo mgeni wa njiani hukaa akazungumza bila kuingia. Ukipita unakuta tekani, na hapo njia hukunjwa, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, kilicho wazi juu, kinachogawa mwanga na hewa. Halafu msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, pahali pa mama mwenye nyumba, penye zidaka ukutani. Kila unavyozidi kuingia, sakafu hupanda kidogo, na stara huongezeka. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu, kwa sababu paa limelala juu ya boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake. Samani zetu zilichongwa na watu waliolijua hilo. Zidaka nazo hubeba vyombo na vitabu bila kula hata inchi moja ya sakafu. Huo wote ni usanifu wa ndani ya nyumba. Wazee hawakuuita jina hilo, walisema tu wanajenga.

Mji wetu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hicho ni cheo kikubwa. Lakini cheo hicho hakimfundishi mtoto wa kidato cha pili kwa nini ukuta wa nyanya yake unatoa malengelenge.

Niseme kidogo juu ya malengelenge hayo, maana hapa pana hasara ya kweli. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na chumvi pamoja nayo. Lipu ya chokaa huyaachia maji yale yatoke, ukuta ukapumua. Sasa mtu akipata pesa kidogo, labda ametumiwa na mwanawe aliyeko Ghuba, huita fundi wa haraka, wakaibandua chokaa, wakapiga saruji, wakamalizia kwa rangi ya plastiki inayong'aa. Mwaka wa kwanza nyumba inapendeza. Baadaye maji yaliyozibwa yanatafuta pa kutokea, rangi inavimba, saruji inaachana na jiwe, na boriti zilizoshikwa na ukuta mbichi zinaanza kuoza vichwani. Familia inarudia tena kwa saruji. Mara ya tatu wanachoka, na dalali anajua siku ya kubisha hodi. Sidai kwamba kila nyumba iliyouzwa iliuzwa kwa sababu ya saruji. Mirathi, madeni na ada za shule zina mkono wao. Lakini nyumba inayovuja pesa kila mwaka huuzwa rahisi, na anayeinunua huita fundi wa chokaa siku ya kwanza.

Na tukumbuke nyumba hizo zilikuwa za nani. Mila ya watu wa mawe Amu ilikuwa baba kumjengea binti yake. Akikosa kiwanja huongeza ghorofa, au hujenga ng'ambo ya njia na kuunganisha kwa wikio juu ya vichwa vya wapita njia. Leo binti huyo ana miaka kumi na sita, na nyumba ambayo huenda ikawa yake anaijua kwa kuifagia tu.

Mwaka jana tulijaribu. Siku sita, wanafunzi kumi na sita, wasichana tisa na wavulana saba, wote kutoka mjini, kwa sababu hatukuwa na nauli ya mashua kwa wa mbali. Tulikuwa na msanifu mmoja, kijana wetu anayefanya kazi Nairobi, aliyetoa likizo yake bure, pamoja na fundi wa mbao, fundi wa chokaa na mama msusi wa mikeka kutoka Kipungani. Hapakuwa na kompyuta hata moja. Wengine walilalamika. Mimi naona ilikuwa sawa. Programu za kuchorea zitakuja wakati wake, lakini mtoto asiyejua kushika tepu, kompyuta itamsaidia kukosea kwa haraka zaidi.

Siku ya kwanza walipima. Chumba cha mita 2.7 kwa mita 6, wakakichora kwa skeli ya moja kwa hamsini: sentimita 5.4 kwa sentimita 12. Mzee wangu, hayo ndiyo mapazia. Wakapiga hesabu ya kuta: mzunguko mita 17.4, kimo mita 3, hiyo ni mita za mraba 52.2. Toa mlango na madirisha, mita 4.2, zinabaki 48. Lita moja ya rangi ikifunika mita kumi, na ukipaka mara mbili, unahitaji lita 9.6. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye mwalimu wake alikuwa amekwisha kumkatia tamaa katika Hisabati, alisimama akasema, "Basi aliyepaka kwetu alinunua lita ishirini za nini?" Tulicheka, ila nyumbani kwao sidhani walicheka.

Siku ya pili ilikuwa ya hewa na mwanga. Walipewa uzi mwepesi, wakautundika kila mlango na kila dirisha, wakaandika unapeperukia wapi asubuhi na wapi alasiri. Agosti ni kusi. Waliambiwa warudie wenyewe Januari, kaskazi ikivuma, walinganishe. Watatu walirudia na wakaleta michoro. Kwangu watatu kati ya kumi na sita si haba, kwa kazi ambayo hakuna mtu angewapa alama.

Siku ya tatu msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuja na jambo la kwao. Kakake alikuwa anakaribia kuoa, na familia ilikuwa karibu kulipa arubuni ya kitanda cha futi sita kwa sita na kabati la ukuta mzima, vya chumba cha juu. Alikuwa amepima chumba usiku. Upana sentimita 260. Kitanda kinachukua 183, zinabaki 77. Kabati lina kina cha sentimita 60. Zinabaki 17. Alisimama mbele ya wenzake na karatasi yake akauliza, "Bi harusi apite wapi?" Katika sentimita kumi na saba hata paka wa Amu hufikiri mara mbili. Tena kabati lenyewe lilikuwa la mbao za unga wa kubandikwa, zile ambazo unyevu wa bahari huzivimbisha mpaka milango ikakataa kufunga, na lingesimama mbele ya zidaka na kuziziba zote. Mamake alipoonyeshwa mchoro alisitisha arubuni. Wakachongesha kitanda chembamba zaidi kwa fundi wa mtaani, na zidaka zikasafishwa. Pesa zilizosalia sitazitaja, si zangu. Ila naweza kusema zilizidi gharama ya warsha kwa mtoto mmoja, tena mara kadhaa.

Lililonigusa zaidi lilitokea siku ya tano, na halikumhusu mwanafunzi. Tuliwapa zoezi la kuandika kotesheni ya mlango wa kuchonga. Wakamkalisha fundi wa mbao wakamhoji: mbao kiasi gani, fremu siku ngapi, mfaa siku ngapi, patasi hunolewa mara ngapi, msaidizi hulipwa nani. Wakajumlisha, wakaongeza faida kidogo. Jumla ilikuwa juu ya bei aliyokuwa akiuza milango yake miaka yote. Alikaa kimya muda. Kisha akaomba apewe ile karatasi, akaikunja akaitia mfukoni.

Nawaambieni kwa uwazi kwamba sikuja kuahidi ajira. Katika wanafunzi ishirini na nne, labda mmoja au wawili watapenda kazi hii iwe yao. Kwa hao njia ipo: Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya usanifu yenye mkondo wa ndani ya nyumba, na vyuo vya ufundi vina kozi za cheti na stashahada kwa asiyefikia alama za shahada. Aliye na mkono tayari anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA akapata daraja linalotambuliwa, hata kama alijifunza kibarazani kwa babake. Waliobaki watakuwa walimu, manahodha, wauguzi, wahasibu kama mimi, Mungu akipenda. Lakini watakuwa na nyumba, na watajua kuzungumza na fundi.

Ndani ya kamati tulibishana sana juu ya jambo moja, nanyi mnastahili kulijua. Baadhi ya wajumbe walitaka warsha ishughulike na nyumba za mawe peke yake, kwa ajili ya urithi. Mimi nilipinga, na bado napinga. Watoto wengi wa kaunti yetu hawalali katika nyumba za mawe. Wanalala katika nyumba za matofali ya saruji na mabati, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, na hata hapo hapo mjini ukipanda juu. Saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari, mtoto hawezi kusoma. Je, kuweka dari ya mkeka au ya makuti chini ya bati, na kuacha matundu juu ya ukuta ili hewa ya moto itoke, si usanifu? Na yule atakayekuja Mombasa chuoni akapanga chumba cha futi kumi kwa kumi, apikie humo, alale humo, asomee humo? Warsha ikimwachia huyo nje itakuwa ya kupigia picha. Tumekubaliana mwaka huu nyumba tatu zitapimwa, mbili za mawe na moja ya matofali, na zoezi la mwisho liwe chumba kimoja cha kupanga.

Tumebadilisha na mengine. Wanafunzi watakuwa ishirini na wanne kwa siku kumi, na kumi kati yao watatoka nje ya mji: Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Matondoni, na upande wa bara. Watafikia kwa jamaa zao, na kila mzazi atatia sahihi. Wasichana watakuwa na walezi wawili wanawake wakati wote. Masomo yataanza saa mbili na kumalizika saa saba, ili chuo cha alasiri kisipotee. Nyumba ya mtu haiingiwi mpaka mama mwenye nyumba amekubali, na chumba asichotaka kionekane hakitapimwa. Simu hazitapiga picha ndani. Wanaotaka kumbukumbu wachore.

Sasa bajeti, nami nitaisoma pole pole. Mafundi wanne, siku tatu kila mmoja, kwa shilingi 2,000 kwa siku: 24,000. Nauli na malazi ya msanifu, ambaye ada yake ameisamehe tena: 40,000. Vifaa vya kila mwanafunzi, yaani tepu, rula ya skeli, penseli, daftari la michoro na ubao wa kuandikia, shilingi 1,500 mara ishirini na nne: 36,000. Chakula cha watu thelathini kwa siku kumi, shilingi 200 kwa kichwa: 60,000. Mashua kwa wanafunzi kumi kwenda na kurudi: 15,000. Mbao, chokaa, miyaa na vitambaa vya mazoezi: 25,000. Hizo ni 200,000. Nimeongeza 10,000 za dharura, kwa sababu bahari ni bahari. Jumla shilingi 210,000. Mtoto mmoja ni shilingi 8,750.

Mtaona mafundi wanalipwa. Mwaka jana mmoja wetu alisema waje bure kwa kuwa ni watoto wao. Siwezi kusimama mbele ya mtoto nikamwambia ufundi una thamani, huku fundi anayemfundisha ameacha kazi yake ya siku na hajalipwa. Mtaona pia hakuna fulana wala kofia zenye jina la chama. Fulana ishirini na nne ni karibu watoto wawili. Wajumbe wa kamati hawana posho. Vifaa vitabaki mali ya wanafunzi, isipokuwa pima maji, timbirimbi na patasi, ambazo zitaandikwa katika daftari la mali ya chama na kuhifadhiwa kwa katibu. Hesabu ya mwisho itabandikwa hapa hapa mlangoni kabla ya mwezi wa kumi kuisha, pamoja na risiti zake, hata ya ndimu.

Ahadi nyingine tumekwisha kuzipokea. Mama mmoja ametoa jamvi la darasa zima. Ndugu zetu wawili walioko Ghuba wamechukua watoto watatu kila mmoja, yaani shilingi 52,500. Zinabaki 157,500, ambazo ni watoto kumi na wanane. Ukumbi huu una watu zaidi ya hao. Asiyeweza mtoto mzima achukue tepu moja, au nauli ya mtoto wa Kizingitini. Bahasha ziko kwa dada wawili waliosimama pembeni, na kila anayetoa asiondoke bila risiti, hata akiwa ni shilingi hamsini, hata akiwa ni mjomba wangu.

Fomu za wanafunzi ziko kwa mwenyekiti wa kamati. Tunachukua kidato cha pili na cha tatu, na madarasa yanayolingana nayo katika mtaala mpya. Hatuulizi alama za mtihani. Tunauliza swali moja tu, ambalo mtoto alijibu kwa mkono wake mwenyewe: ni kitu gani katika nyumba yenu ungekihamisha, na kwa nini.

Tunatafuta pia zile nyumba tatu. Mwenye nyumba atakayekubali watoto kumi na wawili wenye tepu kwa asubuhi mbili, amwone katibu kabla hatujaondoka hapa. Viatu watavua mlangoni, na chai yao watakuja nayo.